Kulia na Chini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mraba wa maneno wa gazetini

Majibu haya yanamlenga msomaji wa Uganda anayejaza mraba wa maneno (crossword) kila siku, awe amenunua gazeti steji asubuhi au amelipata ofisini jioni likiwa limeshapita mikono mitatu. Magazeti ya Kampala yanayochapwa kwa Kiingereza huwa na mraba wa Kiingereza. Wa Kiswahili unautafuta zaidi kwenye magazeti ya Kenya na Tanzania na kwenye vitabu vya mazoezi ya shule. Yote miwili imeshughulikiwa hapa.

Nianzie wapi? Kila siku naanza 1 Kulia na kila siku nakwama.

Hakuna sheria inayosema uanze na 1 Kulia. Kidokezo hicho kina namba ndogo tu, si kwamba ni rahisi.

Pitia orodha nzima mara moja kwa haraka, Kulia kisha Chini, bila kusimama kufikiri. Katika mzunguko huo jaza aina mbili tu. Kwanza, vidokezo vyenye pengo, kama "Salt and ___" au "Idi ___", kwa sababu pengo halina njia nyingi za kujazwa. Pili, ukweli unaoujua bila kubahatisha: mto, mji mkuu, rais. Vilivyobaki viache.

Sasa tazama jedwali. Kuna kona moja yenye herufi nyingi kuliko nyingine. Hamia hapo, usitoke mpaka ikukatae. Neno la herufi 7 ambalo tayari lina herufi 3 za makutano, yaani zilizoletwa na maneno yanayolivuka, ni rahisi kuliko neno la herufi 4 lililo tupu kabisa. Wengi hufanya kinyume: hurukia maneno mafupi popote yalipo, na mwisho wake jedwali linakuwa na herufi zilizotawanyika zisizosaidiana.

Kiingereza changu ni cha kawaida. Nitaweza kweli?

Utaweza, kwa sababu kazi kubwa hufanywa na sarufi ya kidokezo. Kanuni ni moja: kidokezo na jibu lazima viweze kubadilishana nafasi katika sentensi bila kuiharibu. Kidokezo kikiwa kitenzi, jibu ni kitenzi. Kikiwa wingi, jibu ni wingi. Kikiwa wakati uliopita, jibu nalo limepita.

Kwa hiyo hata usipojua jibu la "Walked slowly", unaweza kuandika ED kwa wepesi mwishoni na kuanza kuvuka nayo. Kwa "Kidepo animals", weka S. Nasema kwa wepesi kwa sababu Kiingereza kina vigeugeu vyake: "crept" haina ED, na "oxen" haina S. Herufi ya makutano ikikataa hiyo S, usiing'ang'anie.

Kuna alama nyingine zinazopita machoni mwa watu kila siku. Kidokezo chenye ufupisho kinadai jibu lililofupishwa: "Arusha-based org." ni EAC, si jina refu la Jumuiya. Kikitaja mji wa kigeni bila sababu, jibu liko katika lugha ya huko: "Friend in Paris" ni AMI. Maneno "e.g.", "for one" na "perhaps" yanasema kwamba kidokezo ni mfano tu na jibu ni kundi lake: "Nile perch, e.g." ni FISH. Alama ya kuuliza mwishoni inamaanisha mtungaji anakuchezea, kwa hiyo maana ya kwanza inayokujia huenda siyo.

Namba kwenye mabano, kama (4,3) au (3-2), ni za nini?

Idadi ya herufi. Mkato unatenga maneno, kistari kinaonyesha neno lenye kistari. Ndani ya jedwali nafasi na kistari haviandikwi. Mraba wa mtindo wa Marekani hautoi namba hizi kabisa: unahesabu visanduku mwenyewe, na hauambiwi kama jibu ni neno moja au matatu. Ukiona mfululizo wa herufi kama INAR, usifute mara moja ukidhani umekosea. Huenda ni "in a r...", mwanzo wa fungu la maneno.

Kwa nini majedwali mengine yana visanduku vyeusi vingi na mengine vichache?

Ni mitindo miwili ya utungaji, na kila mmoja unajazwa kwa mbinu yake.

Wa Marekani, kwa siku za kawaida, ni visanduku 15 kwa 15, yaani 225, na wa Jumapili huwa 21 kwa 21. Kila herufi inavukwa na neno la Kulia na la Chini, na hakuna neno lenye herufi pungufu ya 3. Maana yake ni kwamba neno usilolijua kabisa linaweza kujijaza lenyewe kwa makutano. Usiliogope. Katika New York Times ugumu hupanda kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Ule wa Jumapili ni mkubwa zaidi, lakini si mgumu kuliko wa Jumamosi.

Wa Uingereza una weusi uliopangwa kama wavu, na takriban nusu tu ya herufi za kila neno ndizo zinazovukwa. Hapo herufi nyingine hazina shahidi. Ukikosea tahajia kwenye kisanduku kisichovukwa, hakuna kitakachokuonya mpaka majibu ya kesho yatoke.

Mitindo yote miwili kwa kawaida hufuata ulinganifu: ukilizungusha jedwali nusu mzunguko, weusi unabaki palepale. Hilo halikusaidii kupata jibu, lakini linakusaidia kisanduku kikifutika kwenye chapa mbaya. Tazama upande wa pili ulio sawa nacho, utajua kilikuwa cheusi au cheupe.

Nimeandika COLOUR, kuna visanduku vitano. Fumbo limekosewa?

Hapana, ni la Kimarekani. Sisi tumefundishwa tahajia ya Uingereza shuleni, lakini mafumbo mengi hununuliwa kutoka kwa mawakala wa nje na kuchapwa yalivyo. Ndiyo maana unakuta COLOR, CENTER, PLOW, TIRE. Kabla ya kuanza, chungulia vidokezo vyenyewe. Ukiona "theater" au "fall" kwa maana ya majira, umeshajua uko upande gani wa bahari, na siku hiyo andika kama wao.

Ni maneno gani yanayorudi kila wiki?

Yale mafupi yenye irabu nyingi. Mtungaji anapounganisha kona anahitaji maneno yanayopokea herufi kutoka pande zote, na irabu ndiyo gundi. Ukiyakariri haya umepata mtaji: ERA na AREA, ORE ambayo ni mawe yenye madini, OAT, ALOE, EEL ambaye ni mkunga, ndege EMU, IRE yenye maana ya hasira, ODE ambalo ni shairi la sifa, OBOE na ARIA upande wa muziki. Katika jiografia kuna ziwa ERIE, mlima ETNA, mji OSLO, majimbo OHIO na IOWA. OREO ni biskuti.

Uganda nayo imo, ingawa si kwa namna ambayo kila mtu angependa. IDI na AMIN ni maneno ya kale kabisa kwenye mafumbo ya Marekani, kwa sababu tu herufi zake ni laini. KOB, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa pamoja na korongo, hutokea pia, na NILE haikosi.

Kwenye mraba wa Kiswahili, CH ni kisanduku kimoja au viwili? Na NG'?

Herufi moja, kisanduku kimoja. CH ni viwili, SH viwili, NY viwili. Ng'ombe anakaa kwenye visanduku 6, na ile alama ya ritifaa haina kisanduku chake. Wapo watungaji wanaoiandika pamoja na G, lakini hesabu haibadiliki.

Kiswahili kina faida ambazo Kiingereza hakina, na ni ajabu jinsi wachache wanavyozitumia. Q na X hazipo. C haikai bila H, kwa hiyo ukipata C, kisanduku kinachofuata umeshakijaza. Neno la asili ya Kibantu huishia kwa irabu, na hata ya mkopo mengi huongezewa. Hivyo kisanduku cha mwisho kina herufi tano tu za kuchagua, na A ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Ukiona H katikati ya neno na kabla yake hakuna irabu, mara nyingi ni C, S, D, T, G au M. Ukiona Z iliyotanguliwa na konsonanti katikati ya neno, jaribu N: panzi, ganzi. Herufi nne za konsonanti zikifuatana, kama katika "mchwa", angalia upya kabla ya kuamini.

Kisha kuna ngeli. "Wingi wa kiti" hakuhitaji kufikiri, lakini ngeli inafanya kazi hata kidokezo kisipoitaja. "Hutumika kupikia" kinaweza kuwa chochote, ila "Kinatumika kupikia" kimekutajia KI- na "Vinatumika" kimekutajia VI-, isipokuwa jina lenyewe likianza na CH- au VY-, kama chungu na vyungu. Kidokezo kinachoanza na KU-, kama "Kuondoka", kinataka kitenzi chenye KU-. Kikisema "Ondoka!", jibu halina KU-: ni TOKA, NENDA, HAMA.

Idadi ya herufi nayo huamua kati ya maneno pacha. "Chombo cha kukatia nguo" cha visanduku 5 ni MKASI, cha 6 ni MAKASI. Yote mawili ni sahihi, jedwali ndilo linalochagua.

Nachanganya L na R. Hilo linatokana na nini?

Mara nyingi linatokana na Luganda. Katika maandishi ya Luganda, R huandikwa baada ya E na I, na kwingineko huandikwa L. Kwa masikio yaliyolelewa hivyo, ni sauti moja yenye nguo mbili. Kiswahili hakina kanuni hiyo: "kura" na "kula" ni vitu viwili, "mahali" na "mahari" vilevile, na barabara ina R zote mbili hata baada ya A. Kwa Kiingereza, "rice" na "lice" hazipaswi kukutana kwenye sahani moja.

Dawa yake mezani: ukifika kwenye L au R usiyo na uhakika nayo, acha kisanduku wazi au weka nukta, ulete neno linalovuka liamue. Usiamue kwa sikio. Tatizo la pili la Luganda ni irabu na konsonanti maradufu. Kiswahili huandika irabu mbili pale tu zinapotamkwa kama silabi mbili: kaa, saa, choo. Ukijikuta unahitaji G mbili kujaza visanduku, neno si hilo.

Vidokezo vya hila, vile visivyoeleweka kabisa, vinafanyaje kazi?

Huu ni mtindo uliokomaa Uingereza katika miaka ya 1920 na 1930, na gazeti la Times la London lilianza kuchapa fumbo lake tarehe 1 Februari 1930. Ukivisoma kama sentensi za kawaida havina maana, na havikusudiwi kuwa nayo. Kila kidokezo kina sehemu mbili zilizogandishwa pamoja: maana ya jibu, na maelekezo ya kulijenga kwa herufi. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukata kidokezo vipande viwili na kujiuliza ni kipande kipi kinafasili.

Mifano ya Kiswahili itaonyesha vizuri kuliko maelezo.

"Basi muhimu limeficha chombo cha mazungumzo (4)". Maana iko mwishoni. "Limeficha" linakuambia jibu limelala ndani ya maneno yenyewe: baSI MUhimu. SIMU.

"Simba mlevi aleta kilio (5)". Mlevi hatembei sawasawa, na herufi za simba zimeyumba: MSIBA. Kwa njia hiyohiyo, "Samaki waliovurugika hutumiwa na fundi cherehani (6)" ni yale MAKASI ya hapo juu. Watoto wanaocheza kinyume huhamisha silabi ya mwisho kuja mbele. Mtungaji huvunja zaidi ya hapo, anavuruga herufi mojamoja. Andika herufi kwa duara, siyo kwa mstari, na irabu uziweke pembeni. Zikikaa kwa mstari, jicho linaendelea kusoma neno la zamani.

"Kuku kando ya mto wa Kenya: kuonana (8)". Vipande viwili vimepangwa bega kwa bega, KUKU na TANA. KUKUTANA.

"Kitu kimemeza herufi ya kwanza, sasa kinavaliwa (5)". Weka A tumboni mwa KITU: KIATU.

"Mlango uliokatwa kichwa huko Lira (5)". Ondoa M, inabaki LANGO, eneo ambalo Lira imo.

"Uma uliogeuzwa, mji wa kisiwani (3)". Soma kutoka nyuma: AMU, jina ambalo wenyeji wanauita Lamu.

"Ndege shambani kwa mkulima wa kahawa (5)". Hapa hakuna ujenzi, ni maana mbili za neno moja: MBUNI mwenye mbawa na mbuni unaozaa kahawa. Vidokezo vya namna hii huwa vifupi, na ndivyo vigumu zaidi kwa sababu havina kiashirio cha kukushika mkono.

Kwa Kiingereza jifunze viashirio: "broken", "drunk", "mixed" na "off" huvuruga, "in", "some" na "part of" huficha, "swallowing" na "around" humeza, "back" na "returning" hugeuza, "we hear" na "reportedly" hutaka sauti, si tahajia. Mfano wa nyumbani: "Shoestring found in Kampala centre (4)". Tazama kampaLA CEntre. LACE.

Majibu yametoka, jibu nimeliona, bado sielewi limetokaje. Nifanye nini?

Hapo ndipo ujuzi unapojengwa, kuliko hata pale ulipopata mwenyewe. Chukua jibu na kidokezo, upige mstari chini ya maneno yanayofasili. Maneno yaliyobaki lazima yote yawe na kazi. Kwenye kidokezo cha hila, ukibaki na neno lisilo na kazi, maelezo yako hayajakamilika, hata kama yanapendeza. Kwenye kidokezo cha kawaida, jaribu ile kanuni ya kubadilishana: tunga sentensi moja yenye kidokezo, kisha weka jibu mahali pake. Ikikataa, kuna maana ya pili ya neno ambayo huijui, na kamusi ya lugha moja itakuonyesha haraka kuliko ya tafsiri. Kamusi ya tafsiri mara nyingi hutoa maana mbili tatu za kwanza, na mtungaji anapenda ya sita.

Unapomweleza mwenzako, usianze na jibu. Mwonyeshe mkato kwanza, maana upande huu na ujenzi upande ule, umwache ajaribu. Ukimtajia SIMU, atasema "kumbe!" na kesho hatapata kingine.

Nitajuaje kama fumbo lenyewe lina kasoro ya uchapaji?

Kasoro ya kawaida ni jedwali la siku moja kuchapwa na vidokezo vya siku nyingine. Linganisha namba ya mwisho ya vidokezo na namba kubwa kwenye jedwali. Namba hupewa kila kisanduku kinachoanzisha neno, kutoka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, kwa hiyo orodha na jedwali lazima viende sambamba. Kama mabano yapo, hesabu maneno matatu kutoka sehemu tofauti. Moja likikataa huenda ni kosa la namba, matatu yakikataa weka kalamu chini. Lakini kabla ya kulilaumu gazeti, hakikisha hukusoma Chini ukidhani ni Kulia. Hilo hutokea zaidi.

Kalamu ya risasi au ya wino?

Risasi laini, HB au B. Karatasi ya gazeti ni nyepesi na ufutio ukikazwa huitoboa, hivyo andika kwa wepesi tangu mwanzo. Wino ni wa majigambo.

Kutafuta jibu kwenye simu ni kudanganya?

Inategemea unatafuta nini. Jina la mwigizaji wa Marekani wa miaka ya 1950 usingelipata kwa kufikiri hata ukikesha, kwa hiyo litafute. Neno la kawaida ambalo limekukwepa, lisubiri. Ukiweka gazeti pembeni kwa saa moja ukarudi, mara nyingi linajileta, kwa sababu ulikuwa umeshikilia maana moja na akili imeiachia. Programu zinazotoa herufi mojamoja ni nzuri kuliko zile zinazofunua neno zima: omba herufi ya kwanza, basi.

Mchezo huu ulianza lini?

Tarehe 21 Desemba 1913, katika gazeti la New York World. Aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi. New York Times lilianza kuchapa wa Jumapili mwaka 1942 na wa kila siku mwaka 1950. Kwa Kiswahili bado watungaji ni wachache. Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, pamoja na kufundishwa shuleni, mwalimu anayetaka zoezi la tahajia ana sababu nzuri ya kuchora jedwali la 7 kwa 7 ubaoni.

Kona moja imekataa kabisa, kwingine kote nimemaliza.

Basi kuna neno moja pale ambalo una uhakika nalo na si sahihi. Karibu kila mara ndivyo ilivyo. Usilitafute kati ya yale uliyoyaandika kwa shaka, hayo umeshayapima mara nne. Tafuta lile uliloliandika la kwanza, bila kusita, ambalo linavuka maneno mawili au matatu yaliyo tupu. Lifute lote, pamoja na herufi zake "nzuri", kisha soma vidokezo vyake jirani upya kana kwamba kona haijaguswa. Wingi ulioudhania unaishia S, L uliyoiamini, tahajia ya Uingereza katika fumbo la Marekani: anza ukaguzi na hayo matatu.